Fomu Iliyotaka Jina la Marehemu

Fomu ya likizo ya dharura niliyowajazisha wafanyakazi wetu kwa miaka tisa ilikuwa ya ukurasa mmoja, na katikati yake palikuwa na mistari mitatu ya kujazwa: jina la marehemu, uhusiano na marehemu, tarehe ya msiba. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 28 Januari 2025, fundi wetu wa magari makubwa, mzaliwa wa Goma, mji wa mashariki ya Kongo uliokuwa umetekwa na waasi siku moja kabla, aliketi mbele ya meza yangu katika ofisi yetu ya Kurasini, akashika kalamu, akaitazama mistari ile kwa muda mrefu, kisha akanirudishia fomu bila kuandika neno. Aliniambia kwa Kiswahili cha kwao, ambacho mimi niliyekulia Kigoma sihitaji kutafsiriwa: "Dada, miye siko na marehemu. Sijue kama beko bazima ao balikufa." Yaani hakujua kama watu wake wako hai au wamekufa. Mke wake, watoto wao wanne na mdogo wake wa kiume walikuwa katika mtaa wa Ndosho, na simu zao hazikuwa zikipatikana tangu Jumapili usiku.

Tulimwita Papa, kama Wakongo wanavyomwita mwanamume mwenye familia, na nitaendelea kumwita hivyo hapa. Ninaandika juu yake kwa ruhusa yake, na juu ya kampuni ambayo bado inaniajiri na ambayo kwa sababu hiyo siitaji jina, kwa kuwa miezi ile ilinifundisha kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ya wageni iliyopatwa na balaa hauanzii katika mfuko wa misaada. Unaanzia katika mambo ambayo kampuni tayari imeyashika mkononi: vibali, mishahara, likizo, gharama inazotoza na habari inazozipata kabla ya wengine.

Sisi ni mawakala wa forodha na wasafirishaji. Kazi yetu ni kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam na kuifikisha Zambia, Rwanda, Burundi na hasa Kongo, ambako magari yetu huingia kwa njia mbili: ile ya Tunduma hadi Lubumbashi, na ile ya Rusumo, Kigali na Gisenyi hadi Goma. Sehemu kubwa ya mishahara yetu sote, wangu ukiwamo, hutoka katika mifuko ya wafanyabiashara wa Kongo. Tulikuwa pia na wafanyakazi 11 waliotoka Kongo na Burundi, wengi wao mafundi wa karakana na makarani wanaojua Kifaransa, lugha ambayo hati nyingi za mizigo ya huko huandikwa. Hawa hawakuwa wapita njia katika mji huu. Wakongo wameishi Dar es Salaam kwa vizazi, wameujengea muziki wake wa dansi, na hadi leo kondakta wa daladala akipaza sauti "Sinza kwa Remmy" anakitaja kituo kilichobeba jina la Remmy Ongala, mwanamuziki aliyetoka Kongo akaja kuishi na kufia hapa.

Nirudi kwenye fomu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki, au akifiwa na mwenzi wa ndoa, mzazi, ndugu wa kuzaliwa naye, babu, bibi au mjukuu. Haisemi lolote juu ya mtu ambaye mji wake umeingiliwa na vita na hajui hali ya watu wake, na pengine hakuna sheria inayoweza kuyataja yote yanayompata binadamu. Lakini sheria hiyo hiyo inaweka kiwango cha chini, na hakuna kifungu kinachomzuia mwajiri kutoa zaidi. Hilo nilikuwa nalijua siku zote. Kwa miaka tisa, hata hivyo, nilikichukua kiwango cha chini kana kwamba ndio ukomo, na kila aliyenijia na shida isiyokuwa na cheti cha kifo nilimjibu kwa upole kwamba fomu hairuhusu, ingawa fomu ile niliichapa mimi mwenyewe.

Papa alikuwa na hesabu yake, na alinieleza bila kupaza sauti. Akichukua siku 4 hazitamfikisha Goma na kumrudisha. Akikosekana zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa, kanuni za utendaji bora zinamhesabu kuwa mtoro anayeweza kuachishwa kazi. Na akiachishwa, hapotezi mshahara peke yake. Raia wa kigeni aliyeajiriwa Tanzania hubeba hati mbili ambazo zote mbili zimemwegemea mwajiri: kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, na kibali cha ukaazi cha daraja B kinachotolewa na Uhamiaji. Ajira ikikoma, uhalali wa kuwapo kwake nchini unakoma pamoja nayo. Mimi nilikuwa nikiyapanga mafaili hayo kila mwaka, nikifuatilia tarehe za kuyahuisha, na sikuwahi kufikiri kwamba ninachokishika ni uwezo wa mtu kulala mahali bila hofu. Siku ile nilifikiri hivyo kwa mara ya kwanza, kwa sababu aliyekuwa mbele yangu alikuwa anachagua kati ya kuwatafuta watoto wake na kukihifadhi kibali ambacho ndicho kingewalisha watoto hao iwapo wangepatikana hai.

Kuna jambo lililonielemea zaidi ya fomu, na lilinichukua siku kadhaa kulisema mbele ya wakubwa wangu. Kampuni ilijua. Madereva wetu wana kikundi cha WhatsApp ambamo huarifiana kuhusu foleni za mpakani, mizani, matairi na hali ya barabara, na ndani ya kikundi hicho yumo meneja wa usafirishaji. Waasi wa M23 walipoukaribia mji wa Sake, ulio kilomita ishirini na kitu magharibi ya Goma, madereva waliokuwa Gisenyi waliandika kwamba mabasi yanavuka mpaka yakiwa yamejaa wanawake na watoto. Alhamisi ya tarehe 23 Januari meneja alitoa agizo: gari lolote lenye mzigo wa Goma lisimame Kigali. Lilikuwa agizo la busara, na liliokoa magari manne pamoja na watu wake. Siku hiyo hiyo Papa alikuwa karakanani, hatua hamsini kutoka dirisha la meneja, akifungua gia boksi ya gari lililokuwa limerudi kutoka njia hiyo hiyo. Hakuna aliyemwambia. Goma iliangukia mikononi mwa M23 Jumatatu ya tarehe 27. Kati ya Alhamisi na Jumatatu kulikuwa na siku ambazo mke wake angeweza kuvuka kwenda Gisenyi akiwa na watoto na mabegi. Meneja hakuwa mtu mbaya, wala hakuficha kwa makusudi. Habari ile iliingia katika kampuni kama habari ya mizigo, ikafanyiwa kazi kama habari ya mizigo, na hakuna mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza ni nani hapa ndani ana watu wake kwenye barabara hiyo. Mtu huyo, kama angekuwapo, angekuwa mimi.

Wiki iliyofuata uongozi uliamua kutoa msaada. Zilinunuliwa gunia za unga, maharage, mafuta ya kupikia na mablanketi, likachapwa bango lenye nembo ya kampuni, na tukaenda kwenye ukumbi wa kanisa moja ambako Wakongo wengi husali. Sikidharau chakula. Zilikuwapo familia katika mji huu ambazo zilikuwa zimepokea jamaa sita au saba kwa mkupuo, na unga ule uliliwa. Lakini baada ya picha kupigwa, mama mmoja mtu mzima, mfanyabiashara wa vitenge wa Kariakoo ambaye ni mteja wetu kwa miaka mingi, alisimama akamwambia mkurugenzi mbele ya watu wote: "Unga tutakula, baba, na Mungu awabariki. Ila kontena yangu iko kwenu, na kila siku inanila mimi."

Ukumbi ulinyamaza, kwa kuwa kila mtu pale alielewa. Mzigo wake ulikuwa wa kwenda Goma. Mpaka ulikuwa haupitiki kwa mizigo, mteja wake wa huko alikuwa amekimbia, na kontena lilikuwa limelala katika yadi yetu likihesabiwa tozo ya kila siku. Tozo za wenye meli na za bandari hatukuwa na mamlaka nazo. Tozo ya yadi ilikuwa yetu wenyewe. Nilipofika ofisini nilimwomba mhasibu anipe jumla ya tozo za yadi kwa mizigo yote ya Goma iliyokwama tangu mwisho wa Januari, kisha nikaiweka kando ya risiti za unga na mablanketi. Tulichowatoza kwa siku tisa kilikuwa kikubwa kuliko tulichowapelekea.

Niliposhindwa kulala usiku ule niliikumbuka MV Liemba. Mei 2015 nilikuwa nyumbani Kigoma kwa likizo wakati Warundi waliokuwa wakikimbia vurugu za muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza walipojaa Kagunga, kijiji cha ufukweni ambacho kiko kati ya milima na Ziwa Tanganyika na ambacho hakikuwa na barabara ya kuwatoa. Kipindupindu kilikuwa kimezuka. Kilichowaokoa wengi ni meli ile kongwe, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ambayo ilikodiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi ikawa inatia nanga mbali na ufukwe kwa kukosa gati, watu wanaletwa kwa mitumbwi, na inarudi Kigoma na mamia kwa safari moja, ili wapelekwe kambi ya Nyarugusu. Nilisimama bandarini nikiwaona wakishuka, akina mama wakiwa wamewafunga watoto mgongoni kwa kanga zilizolowa. Wakati huo niliona huruma tu. Miaka kumi baadaye nilielewa kwamba thamani ya meli ile kwa wale watu ilikuwa katika kufanya kazi ile ile iliyoundiwa, ya kubeba abiria ziwani, mahali na saa walipoihitaji. Nikajiuliza meli yetu sisi ni ipi.

Jibu halikuwa gumu. Tulikuwa na wakala Gisenyi ambaye tulimlipa kila wiki kwa ajili ya mizigo. Benki za Goma zilikuwa zimefungwa, fedha taslimu zilikuwa zimeadimika, na wafanyakazi wetu waliozoea kutuma mishahara nyumbani kwa benki hawakuwa na njia, au walipata wakala wa simu ambaye makato yake yalikuwa ya kuumiza. Mhasibu mkuu, mtu makini ambaye awali alinikatalia kabisa, alikaa na mwanasheria wetu siku mbili, wakaandika utaratibu: mfanyakazi anasaini mkopo wa mshahara, kampuni inamtumia wakala wa Gisenyi fedha pamoja na malipo yake ya kawaida, na ndugu wa mfanyakazi anavuka mpaka kwa miguu, anaonyesha kitambulisho na kupokea. Marejesho yalikatwa kidogo kidogo kwa miezi sita, bila riba. Tozo ya yadi kwa mizigo ya Goma ilisimamishwa, na Bukavu ilipotekwa nayo katikati ya Februari, mizigo yake iliingizwa katika uamuzi huo huo. Kwa waliokuwa na vibali vinavyokaribia kwisha nilianza maombi ya kuvihuisha mapema, na kila aliyesafiri kuwatafuta watu wake alipewa likizo ya wiki mbili yenye malipo, nami nikampa barua inayosema kwamba ajira yake ipo na kwamba anatarajiwa kurudi. Papa aliipiga pasi barua yake ndani ya karatasi ya nailoni kabla ya kuondoka.

Upinzani ulikuja kutoka mahali nilipopaswa kuutarajia. Tandiboi mmoja, kijana wa Tanga, aliniuliza mbele ya wenzake kwa nini mgeni apewe wiki mbili zenye malipo wakati mwenyeji anapewa siku nne. Sikumjibu haraka, kwa sababu alikuwa na haki. Mmoja wa madereva wetu ni mzaliwa wa Katesh, na maporomoko ya tope kutoka mlima Hanang yalipoufunika mji huo Desemba 2023 yeye alikuwa njiani Tunduma. Nyumba ya dada yake ilisombwa. Dada alikuwa hajulikani alipo kwa siku tatu, na mimi, kwa fomu ile ile, nilimwambia asubiri hadi taarifa ithibitishwe. Nilimwita dereva huyo, nikamwomba radhi, kisha nikaenda kwa mkurugenzi na pendekezo kwamba likizo ya balaa iwe ya kila mfanyakazi, wa Goma na wa Katesh. Bila swali la kijana yule tungekuwa na upendeleo wa wageni ambao ungewageuza wenyeji dhidi yao, na wageni hao ndio wangeulipia, karakanani na mitaani, muda mrefu baada ya kampuni kusahau.

Jumamosi ya tarehe 8 Februari wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) walikutana hapa hapa Dar es Salaam kuijadili Kongo ya mashariki. Barabara za katikati ya mji zilifungwa kwa misafara. Nilikuwa nimekwama kwenye foleni nikielekea ofisini kuidhinisha orodha ya kwanza ya malipo ya Gisenyi, na redio ya gari la jirani ilikuwa inasoma majina ya marais waliokuwa wamewasili. Sikuwa na neno la kuwaambia marais. Wao walikuwa na kazi ya kusimamisha mapigano, na mimi nilikuwa na orodha ya watu tisa ambao majina ya jamaa zao yalipaswa kuandikwa sawasawa na yalivyo kwenye kitambulisho, la sivyo wakala asingewalipa.

Baadaye mwanasheria wetu alinisomesha Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, iliyoidhinishwa na Baraza la Haki za Binadamu mwaka 2011. Inataka kampuni itambue mahali ambapo shughuli zake zenyewe zinagusa maisha ya watu na irekebishe hapo kwanza. Yule mama wa vitenge alikuwa amelisema hilo kwa sentensi moja. Tuna mipaka, na sitaki mtu adhani tuliivuka. Hatukumwingiza mtu nchini kinyemela. Waliokuja wakihitaji hifadhi tuliwasindikiza kwa mamlaka, kwa kuwa sera ya nchi inawaweka wakimbizi kambini isipokuwa wenye kibali maalumu. Na Julai 2025 Serikali ilipotoa amri inayowazuia wasio raia kufanya shughuli 15 za biashara, zikiwamo za rejareja, saluni, uwakala wa fedha kwa simu na hata uwakala wa forodha, wake kadhaa wa wafanyakazi wetu waliokuwa wakisuka nywele mitaani walibaki bila kipato. Sababu ya amri hiyo, kulinda kipato cha mwananchi mdogo, ninaielewa. Tulichofanya ni kumlipa mwanasheria awaeleze kwa Kiswahili na Kifaransa lipi limezuiwa na lipi halikuzuiwa, maana mitaani uvumi ulikuwa umeshaongeza makatazo ambayo amri haikuyataja, na tayari walikuwapo watu waliokuwa wakiwauzia "vibali" vya uongo.

Papa aliwakuta mke wake na watoto wanne Gisenyi, katika chumba cha muumini mwenzao. Alikaa nao siku kumi, akarudi kazini siku ile ile aliyoandika kwenye barua. Mdogo wake hajapatikana. Alionekana mara ya mwisho asubuhi ya Jumatatu ile akienda kutafuta maji, na jina lake halikuwamo katika orodha yoyote ya hospitali ambayo Papa alifanikiwa kuiona.

Fomu mpya haina mistari ile mitatu. Ina nafasi moja pana iliyoandikwa "Eleza kilichotokea", na chini yake neno "au" likifuatiwa na "Bado sijui". Na kila Jumatatu kabla ya saa mbili Papa hupita mezani kwangu akiwa amevaa ovaroli, haketi. Ninafungua kikundi cha madereva, ambacho sasa na mimi nimo, na ninamsomea kila kilichoandikwa na walioko Gisenyi tangu Jumatatu iliyopita, hata ya matairi na mizani, kwa sababu aliniomba nisiruke kitu.